Kinusapumzi na Chai ya Mgeni

Siku ya pili ya Ramadhani, kabla ya adhuhuri, kinusapumzi kilikuwa kimewapima watu arobaini na watatu katika mtaa wa Chemchem, mjini Kondoa, na arobaini na mmoja kati yao kilikuwa kimewapa kadi nyekundu. Maana yake ni kwamba karibu mtaa mzima ulikuwa na saratani ya umio.

Mhandisi Mwasiti Kirita, mmoja wa waliokisanifu chombo hicho, alisimama kando ya gari la vipimo akiwatazama watu waliojipanga kivulini. Hawakuonekana wagonjwa. Walionekana wamefunga tu, midomo imewakauka, na mmoja wao, fundi wa mabasi yanayojiendesha, alikuwa ameshaanza kumpigia simu mkewe amuage.

"Kaka, hebu subiri kwanza," Mwasiti alimwambia. "Usimtishe mwenzio. Chombo kina tatizo."

"Tatizo la chombo au tatizo langu?"

"La chombo. Nimekitengeneza mimi, nakijua."

Alisema hivyo kwa sauti ya kujiamini, ingawa hakuwa na hakika hata kidogo.

Kinusapumzi kilikuwa fahari ya Taasisi ya Kivusho, iliyojengwa Dodoma kwa kazi moja: kuvusha ugunduzi kutoka meza ya maabara hadi kitanda cha mgonjwa. Kwa miaka mingi ugunduzi ulikuwa ukizeekea kwenye majarida huku watu wakizikwa, na Kivusho ilianzishwa na watu waliochoshwa na hali hiyo. Chombo chenyewe hakikuzidi ukubwa wa redio. Mtu alipuliza kwenye mrija akihesabu kimoyomoyo hadi kumi. Ndani yake vinyweleo laki moja vya kioo vilinasa harufu ambazo pua haizijui, kisha akili unde ikazilinganisha na harufu za watu elfu tatu ilizofunzwa nazo, nusu wagonjwa, nusu wazima. Kadi ikatoka. Ya kijani, nenda zako. Nyekundu, njoo hospitali.

Na ugonjwa wenyewe ulistahili chombo kama hicho. Umio ni ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, na saratani huota humo kimya kimya, haiumi wala haivimbi nje, mpaka siku tonge linapokwama. Tonge likishakwama, mara nyingi muda umekwisha. Dawa zilikuwepo, ila wagonjwa walizifikia wamechelewa. Kwa miezi minane kinusapumzi kilikuwa kimewapima watu elfu sitini wa Kondoa na vijiji vyake, na baada ya Idi kilitakiwa kupelekwa mikoa kumi na miwili.

Profesa Elinami Mfinanga, mkuu wa taasisi, alitokea kwenye kioo cha mawasiliano cha gari akiwa ofisini kwake Dodoma.

"Ni harufu ya njaa," alisema baada ya kuzitazama takwimu. "Mtu akifunga, mwili unaanza kuchoma mafuta, na pumzi inabadilika. Waombe radhi, uchukue kadi zote, uwapime baada ya Idi. Kwa sasa pima wasiofunga."

Maelezo hayo yalikuwa mazuri, na Mwasiti alitamani yawe kweli. Ila kati ya waliopata nyekundu alikuwamo Mama Gaudensia, muuza mboga, Mkatoliki, aliyetoka kula ugali na mlenda na kushushia maji saa moja tu iliyopita. Mtu aliyeshiba ugali hawezi kunuka njaa.

Akaona awageukie wale wawili waliopata kijani. Wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe, maana kila asubuhi alipuliza kwanza ili kukijaribu chombo. Wa pili alikuwa mzee mmoja mwenye kisukari, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki akijipepea na kadi yake.

"Shikamoo mzee. Samahani, leo umekula nini?"

"Marahaba. Kula? Sijala kitu, mwanangu. Nimekunywa chai tu. Daktari kanikataza kufunga, sukari nayo kanikataza, basi nabaki na tangawizi yangu."

Mwasiti akamshukuru, akaingia garini, akaitazama chupa yake ya chai iliyokuwa chini ya kiti. Siku hiyo naye hakufunga, kwa udhuru wanaoujua wanawake, na asubuhi alikuwa amekunywa kikombe kimoja kwa kujificha. Kilikuwa na tangawizi.

Kesho yake akaamka, hakutia kitu kinywani, akapuliza. Nyekundu. Alikuwa ameshabashiri, lakini alilisoma jina lake kwenye kadi ile mara mbili. Akanywa chai, akasukutua kwa maji, akasubiri dakika tano, akapuliza tena. Kijani. Asubuhi mbili zilizofuata alirudia vilevile. Haikubadilika hata mara moja.

Basi hapo akakumbuka.

Wale wagonjwa elfu moja na mia tano waliokifunza chombo walichukuliwa pumzi wodini, alfajiri, kabla ya chochote. Wengi wao hata chai ilikuwa haipiti tena. Wazima elfu moja na mia tano walipimwa majumbani kwao. Sheria ilisema wazi kwamba mtu asile wala asinywe kwa saa nne, lakini sheria hiyo iliandikwa Dodoma, kwenye chumba chenye kiyoyozi, na watu waliosahau kwao ni wapi. Ukiingia nyumba ya mtu unavua viatu, unaamkia, unaulizwa habari za wazazi, na kabla hujafungua mkoba wako chupa ya chai imeshafika. Nani atasema, mama, weka pembeni chai yako, nataka pumzi yako kwanza? Na mwenye nyumba naye hujimiminia, kwa sababu kumwachia mgeni anywe peke yake ni kumdhalilisha. Mkishamaliza, mnasukutua, anapuliza, na kwenye fomu unajaza kwamba hajanywa kitu.

Mwasiti alikuwa amefanya hivyo katika nyumba tisini. Kila mara alijiambia kwamba kikombe kimoja hakina neno, na kwamba wenzake wote walikuwa wakifuata sheria.

Kwa hiyo akili unde haikujifunza saratani hata siku moja. Ilikuwa imejifunza tangawizi na iliki. Mwenye chai ni mzima, asiye na chai ni mgonjwa. Na kwa kuwa Kondoa karibu kila mtu hunywa chai, kwa miezi minane chombo kilikuwa kimegawa kadi za kijani kwa furaha, kikipongezwa na mawaziri.

Nyumba ya kwanza kati ya zile tisini ilikuwa ya shangazi yake, Bi Mwanaidi, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Na kazi ilipoanza rasmi, kadi ya kwanza kabisa ya kijani Mwasiti alimpa yeye.

Jioni alikwenda kufuturu kwake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekuwa hivyo? Dodoma wamekufukuza kazi?"

"Bado."

Kulikuwa na uji wa pilipili manga, tende, na muhogo wa nazi wenye vipande vya nyama. Kadi ya kijani ilikuwa ukutani, ndani ya fremu, pembeni ya picha ya mahafali ya Mwasiti. Yeye hakula sana. Alikuwa akimtazama shangazi, aliyemega kipande cha muhogo, akakichovya kwenye mchuzi mpaka kikalainika kabisa, akameza, akashushia maji. Kipande cha pili, vilevile. Nyama hakuigusa.

"Shangazi, unameza kwa shida?"

"Swaumu hiyo, inakausha koo."

"Ilianza Ramadhani hii?"

Bi Mwanaidi akafikiri. "Tangu Rajabu hivi. Nilishaazimia niende hospitali, halafu nikaiangalia kadi yako hapo ukutani. Nikasema, Mwanaidi, acha woga, mwanao mwenyewe kakupima."

Mwasiti alilia kabla hajasema neno. Kisha akasema yote: wodi, nyumba tisini, fomu, tangawizi. Hakujitetea. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho huku ameshika kikombe.

"Kwa hiyo kosa ni la chai yangu."

"Kosa ni langu. Nilitakiwa nikatae."

"Ukatae chai yangu, halafu utoke humu kwa miguu yako?" Bi Mwanaidi akaweka kikombe chini. "Mimi naogopa, Mwasiti, sikufichi. Lakini hiyo mashine yenu, kama haiwezi kungoja watu wanywe chai, haitaweza kuishi Kondoa. Mngeifundisha adabu kwanza. Ipuliziwe ikifika, ikae, watu wanywe, ndipo iendelee na mambo yake."

"Kesho tunakwenda Dodoma, shangazi."

"Tutakwenda. Sasa nawa uso, ule."

Profesa Mfinanga aliwapokea mwenyewe. Bi Mwanaidi alipelekwa chumba cha uchunguzi, na Mwasiti akabaki ofisini akieleza. Alitarajia ubishi, kwa maana siku ya kukipeleka chombo mikoani ilikuwa imetangazwa. Profesa hakubisha. Alisimama, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Zile sampuli kumi za mwanzo kabisa za watu wazima, unajua zilitoka wapi?"

"Same."

"Same, kwa mama mkwe wangu na majirani zake. Nilizichukua mimi."

Mwasiti akamtazama. "Ulikunywa?"

"Kwa mama mkwe, Mwasiti? Ningefanyaje?" Akavua miwani, akajifikicha macho. "Nikajaza fomu kwamba hakuna aliyekunywa. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu."

"Na mimi nilidhani hivyo hivyo."

Wakawapigia simu wakusanyaji wengine wote kumi na wawili wa sampuli. Kila mmoja alisita kidogo, kisha akakiri. Hakuna aliyekuwa mvivu kati yao wala mla rushwa. Walikuwa watu waliolelewa vizuri, wakaona aibu kuandika kwamba walilelewa vizuri. Mmoja alikumbuka hata maandazi aliyoandaliwa.

Siku hiyohiyo Profesa alikizima kinusapumzi, na ujumbe ukatumwa kwa watu elfu sitini: kadi ya kijani tuliyokupa haina maana, kosa ni letu, jibu kama unameza kwa shida, na kipimo kingine kikiwa tayari tutakupima upya. Wasiojibu walipigiwa simu. Katika nyumba ya Mzee Athumani Kijuu, wa Kolo, simu ilipokelewa na mkewe.

"Mzee alifariki mwezi wa Shaabani," alisema. "Chakula kilikuwa hakipiti. Kadi yenu iko kwenye mfuko wa koti lake."

Mwasiti ndiye aliyekuwa amepiga simu hiyo. Hakupiga nyingine siku ile.

Bi Mwanaidi alimezeshwa jichokidonge, kamera isiyozidi punje ya harage, iliyoongozwa kwa sumaku kutoka nje ya mwili. Ilikiona kidonda katikati ya umio, ukubwa wa korosho moja, kimeanza kubana njia. Ikakata kipande kidogo na kutoka nacho. Vipimo vingine vilionyesha kwamba hakijasambaa. Daktari alisema, kwa maneno yasiyo na mapambo, kwamba kama angekuja Rajabu kazi ingekuwa rahisi zaidi, na kama angengoja hadi Idi kubwa kusingekuwa na kazi ya kufanya.

Kipande kile kilipelekwa Chumba cha Mapacha, ambako Kivusho ilikuwa haijakosea. Humo, kwenye trei za kioo zenye joto la mwili wa binadamu, nyama ya kidonda ilioteshwa nakala arobaini zilizo hai, kila moja na vimishipa vyake vya damu. Ziliitwa mapacha. Mikono ya roboti ilizipa dawa mbalimbali, pacha mmoja dawa hii, mwingine ile, ili dawa ikishindwa ishindwe kwenye kioo, mgonjwa asiumwe bure. Zamani mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa trei.

Siku ya sita shangazi akaomba kuviona vidonda vyake. Mwasiti akampitisha mbele ya kioo.

"Huyu wa hapa?"

"Huyo kapewa dawa ya kawaida, ile anayoanzishiwa kila mtu. Ameinywa na anaendelea kunenepa."

"Mshenzi huyo. Na hawa?"

"Hawa bado tunawangoja."

Bi Mwanaidi akaegemeza paji la uso kwenye kioo. "Kwa hiyo wanakufa kwa niaba yangu."

"Tunaomba wafe, shangazi."

Siku ya tisa, pacha wa ishirini na saba alikufa. Alikuwa amepewa dawa mbili pamoja, ambazo hakuna daktari angethubutu kuzianza kwa kubahatisha. Wakarudia kwa mapacha wengine watatu, wote wakafa. Bi Mwanaidi akaanza matibabu wiki hiyo.

Wakati huo wote maneno yake ya siku ile ya futari yalikuwa hayajamtoka Mwasiti kichwani. Ipuliziwe ikifika, ikae, watu wanywe, ndipo iendelee. Miaka yote walikuwa wakipigana na chai. Vipi kama chai ingeingizwa ndani ya kipimo? Mtu apulize kabla, anywe, apulize tena, na chombo kimlinganishe mtu huyo na nafsi yake mwenyewe badala ya watu elfu tatu asiowajua. Kwa kuwa kila mtu angekunywa, wagonjwa kwa wazima, tangawizi isingemtofautisha yeyote. Kingebaki kile ambacho chai inakigusa inaposhuka. Ukuta wa umio ulio mzima hupitisha chai na kunyamaza, lakini wenye kidonda, ukipata uvuguvugu, huachia harufu iliyokuwa imejificha ndani yake.

Walijaribu safari hii kwa uangalifu wa watu walioungua. Wagonjwa wa wodini walinyweshwa chai ileile ya wazima, kutoka chupa zilezile, wengine kijiko kimoja kwa shida. Chai yenyewe ikawa ya vuguvugu, kwani ya kuunguza imekuwa ikishukiwa siku nyingi kuudhuru umio. Na fomu ikaongezwa mstari mmoja, alioudai Profesa mwenyewe: andika kilichotokea, hata kama ni aibu. Baada ya miezi mitano tofauti ilikuwa wazi, na taasisi nyingine mbili zilizoalikwa kuikosoa zilishindwa kuiangusha.

Watu elfu sitini wakaanza kupimwa upya. Walipatikana wagonjwa mia mbili na kumi na wawili, wengi wao wakiwa bado hawajahisi chochote, na kila mmoja akaoteshewa mapacha. Lakini wengine kumi na tisa, waliokuwa na kadi za zamani za kijani, walikuwa wameshafariki au hawakuwa na tiba tena. Kuhusu hao kumi na tisa hakukuwa na cha kupima.

"Nitakwenda nyumba zote kumi na tisa," Mwasiti alimwambia shangazi yake. "Nikaombe radhi."

Bi Mwanaidi alikuwa akila ugali. Alikuwa amekonda, nywele zimeanza kuota upya, na alitafuna kila tonge kwa makusudi, akilifurahia. Jichokidonge la mwezi huo lilikuwa limekuta kovu tu.

"Utakwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Mtu haendi kuomba radhi peke yake kama anayekwenda dukani. Nani atakusemea? Ngoja nichukue mtandio."

Walianza na Kolo. Basi liliwashusha karibu na nyumba ya Mzee Athumani, na mjane wake, Bi Sauda, akawakaribisha ukumbini, akawatandikia mkeka. Bi Mwanaidi ndiye aliyesema. Alieleza wao ni nani, kosa lilikuwa nini, na kwamba naye alikuwa na kadi ya kijani kama ya mzee na nusura imuue. Kisha akamwachia Mwasiti nafasi.

"Mume wako aliniamini," Mwasiti alisema, "na mimi niliandika uongo mdogo kwenye karatasi. Sina cha kukulipa, Bi Sauda. Nimekuja unione uso."

Bi Sauda aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na koti la kijivu la kiume. Akatoa kadi ya kijani mfukoni, akaiweka kwenye mkeka katikati yao. Halafu akaenda jikoni, akaleta chupa ya chai na vikombe vitatu. Alipokuwa akifungua kifuniko, mkono wake ukasimama.

"Nimesikia siku hizi mtu anapuliza kwanza kabla ya chai."

"Ndiyo."

"Basi kilete hicho chombo. Mimi tangu asubuhi sijanywa kitu."

Mwasiti akakitoa mkobani. Bi Sauda akapuliza, akihesabu kwa vidole hadi kumi. Kisha akamimina chai, wakaiacha ipoe, wakanywa wote watatu, wakizungumza habari za mvua na za wajukuu. Akapuliza mara ya pili. Kadi ikatoka ya kijani.

Aliishika muda mrefu, akiigeuza mbele na nyuma.

"Hii niiamini?"

Mwasiti alitaka kusema ndiyo haraka, akajizuia. "Iamini kwa miezi sita," alisema. "Baada ya hapo nitarudi mwenyewe tupime tena. Na kama koo likikusumbua kabla, usiitazame kadi. Nipigie simu."

Bi Sauda akazikunja kadi zote mbili pamoja, akazirudisha kwenye mfuko wa koti. Kisha akaivuta chupa, na bila kumuuliza akamjazia Mwasiti kikombe cha pili.